Sindano ya shaba: ninavyofuma hadithi ya Fumo Liyongo

Mtu akisikia nafuma vitu vya Fumo Liyongo swali la kwanza huwa ni kama nimemchora kifuani, yani sweta lina jitu refu limeshika upinde na mishale, alafu jina lake mgongoni. Hapana jamani. Picha unaweza kuichapisha kwa tishati ikatoka vizuri na mapema. Mimi natafuta kitu kingine, natafuta pale ambapo hadithi yenyewe inafanya jambo ambalo uzi na sindano pia zinaweza kulifanya, kuficha, kufunga, kufungua, kubeba, na hayo Liyongo anayo mengi kuliko hadithi yoyote ninayoijua, na sisemi za kwetu pwani tu, hata zile za majoka na wachawi zinazosomwa dunia nzima.

Kwa wale hawajakutana naye, Liyongo ni shujaa wa pande za Pate na Shanga, visiwani Lamu, na Ozi, kule Mto Tana unakoingia baharini, mtu mkubwa kupita kiasi, mtunzi wa mashairi, hodari wa upinde, na hakuna silaha inayomuua isipokuwa moja. Mfalme wa Pate anamuogopa asije akachukua ufalme basi anatafuta kila njia ya kummaliza. Watu wa Kipini mpaka leo wanakuonyesha kaburi lake. Wengi tunamjua kupitia utenzi alioutunga Muhamadi Kijuma wa Lamu mwaka wa 1913, na huyu Kijuma napenda kumtaja manake alikuwa pia mchonga mbao na mwandishi wa khati, mtu wa kazi za mikono, na ukisoma utenzi wake utaona anavyovijali vitu, mkate ulikuwa wa nini, mkobani mlikuwa na nini, sindano ilikuwa ya madini gani. Kuna pia kisa cha Liyongo kilichoandikwa Zanzibar na kuchapishwa mwaka wa 1870, lakini mimi nilimsikia kwanza kwa nyanya yangu, Lamu, usiku, taa imezimwa. Sasa hivi nakaa Limuru, ambako mwezi wa saba hata ndani ya nyumba unavaa sweta, kwa hivyo uzi wa sufu ndio kitu cha kawaida mikononi mwangu na Liyongo ndiye wa kawaida kichwani, vikakutana.

Naanza na mkate, manake huo ndio nilioupenda tangu utotoni kushinda hata vita.

Liyongo amefungwa gerezani, amepigwa pingu na minyororo, anangoja kuuawa. Mamake anampelekea chakula kila siku kupitia kijakazi anaitwa Saada, na kila siku walinzi wanakitwaa kile chakula kizuri wanakula wao, yeye wanamwachia makombo. Liyongo anamwimbia Saada wimbo apeleke kwa mama, na walinzi wanasikia wimbo ule ule lakini hawaelewi ndani kuna nini, mama afanye mkate wa wishwa na katikati aweke tupa, kile chuma cha kukerezea. Mama anafanya. Walinzi wanatwaa mikate mizuri, ule wa wishwa wanamtupia Liyongo huku wanamcheka, nani atajisumbua na wishwa. Na tupa imo ndani.

Sasa sikiza hii. Kuna namna ya kufuma kitambaa cha tabaka mbili kwa sindano mbili za kawaida na mtu akikuangalia anaona unafuma kitambaa kimoja kinene tu. Unaanzisha stichi 60 (lazima iwe namba ya kugawanyika kwa mbili), sindano namba 4, uzi wa sufu wa unene wa kati. Safu ya kwanza unafuma stichi moja pleni (ile stichi ya kawaida), unaleta uzi mbele, ile stichi inayofuata unaihamisha tu bila kuifuma kama vile unataka kupiga pali (kinyume cha pleni, yani pleni ikitazamwa kwa nyuma), unarudisha uzi nyuma, pleni moja, uzi mbele, hamisha moja, hivo hivo mpaka mwisho. Ukigeuza unarudia yale yale, safu zote ni hiyo moja. Kinachotokea ni kwamba stichi ulizofuma ukienda zinajenga upande wa mbele, zile ulizoruka unakuja kuzifuma ukirudi zinajenga upande wa nyuma, na katikati hapana kitu kinachozishika. Chini pamefungwa, pembeni kote pamefungwa. Wewe unaendelea kufuma wiki nzima, kitambaa kinaning'inia kwa sindano kinaonekana kizito na butu, na ndani yake kuna mfuko.

Ukifika urefu unaoutaka, mimi hufika sentimita 18 hivi, unachukua sindano mbili nyingine unagawa stichi, moja huku, moja huku, na mdomo unafunguka mbele ya macho yako. Nimeshawafundisha wasichana kadhaa hapa mtaani na hakuna hata mmoja ambaye hakupiga kelele pale mdomo ulipofunguka. Unafunga stichi za kila upande peke yake, basi.

Rangi nimetumia kahawia ya sufu ambayo haijatiwa dawa ya rangi, ile yenye vinywele vyeusi na vyeupe vimechanganyika. Uzi wa namna hiyo unapatikana Nanyuki, kuna akina mama wanausokota kwa mkono tangu miaka ya 1970. Ukiushika una ukavu fulani, unakwaruza kidogo, na mtu akikwambia ni wishwa unaamini. Ndani naweka sindano zangu za kroshia, za chuma, kwa hivyo tupa imo. Mfuko mmoja nilimgawia mamangu akaweka tupa ya kweli, ya kucha, nilifurahi sana.

Angalizo kwa anayetaka kujaribu, mkono wako utalegea kwa sababu kila stichi inasubiri safu mbili ndipo ifumwe, kwa hivyo shuka saizi moja ya sindano kuliko kawaida yako, la sivyo mkate utatoka kama wavu.

Baada ya mkate inakuja minyororo, na hapa ndipo moyo wangu uko kabisa. Ni skafu ndefu. Naipenda kuliko vitu vyote nilivyowahi kufuma.

Wafumaji mnajua kebo, ile misokoto inayopanda juu ya sweta, unahamisha stichi mbili kwa sindano ndogo ya tatu, unafuma mbili za mbele yake, alafu unarudi kufuma zile ulizoziweka kando, zinavukana. Kuna kebo ya stichi 8 inayotoa pete juu ya pete, mnyororo kabisa: stichi nne za kwanza unazivukisha kwa nyuma, nne za pili kwa mbele, unafuma safu tatu bila kuvukisha, ya nne unavukisha kinyume, nne za kwanza kwa mbele na za pili kwa nyuma. Pete inafunguka, pete inafunga. Pembeni ya kila mnyororo weka stichi za pali ili mnyororo uinuke uonekane. Mimi nimeweka minyororo mitatu sambamba, na ukingoni kila upande stichi nne za pleni tupu ili skafu isijikunje.

Sasa kebo ina tabia moja. Kila unapovukisha stichi unakivuta kitambaa, kinabana, kinakuwa chembamba na kigumu kuliko idadi ya stichi zake. Vitabu vya kufuma vinakwambia ukiacha kebo ukaingia pleni lazima upunguze stichi, vinginevyo kitambaa kitatanuka ghafla na kuharibu umbo. Mimi sikupunguza hata moja. Skafu inaanza na minyororo, inapanda, pete juu ya pete, mpaka karibu nusu, alafu mnyororo wa kushoto unakatika, safu kadhaa mbele wa kulia unakatika, mwisho wa katikati, na kuanzia hapo ni pleni safi, na kitambaa kinatanuka chenyewe. Stichi ni zile zile, hakuna iliyoongezwa, lakini upana unaongezeka kwa macho na kwa mkono, ukiikamata pale juu ni laini na inapumua, chini ni ngumu. Yaani pingu zimekatwa na mwili umejinyoosha. Hakuna picha ya Liyongo inayoweza kunipa hiyo.

Na alivyozikata unakumbuka? Aliomba kabla hajafa wamchezee gungu, ngoma kubwa, na yeye mwenyewe akawa anawafundisha watu nje namna ya kupiga na kuitikia, matari, vigoma, matasa, pembe, mji mzima unavuma, na ndani ya uvumi ule anakereza chuma kwa tupa, hakuna anayesikia. Hilo sijalifumia kitu chake peke yake, ila nimeliingiza kwenye skafu hiyo hiyo, kuzunguka ile sehemu pete zinapokatika nimebadilisha ardhi, yani kitambaa kinachozunguka minyororo, kutoka pali ya utulivu kuwa pleni moja pali moja inayobadilishana kila safu, kitambaa kinatoka na vipunje vipunje, kina kelele. Ukitembeza kidole unajua umefika kwenye ngoma.

Mkoma, ule mti wa jamii ya mnazi unaozaa makoma, nao ni shali. Wanaotaka kumuua wanamwalika porini kwa kikoa, kila mtu zamu yake kupanda mkoma awaangushie wenzake makoma, na mpango wao ni kwamba zamu ya Liyongo ikifika akiwa juu mikono imeshika mti, wamfume mishale. Yeye anawaambia semeni mnataka kole (shada la matunda) lipi, nao wanachagua la juu kabisa, na yeye anatoa mshale analipiga likiwa kule kule juu linaanguka. Hapandi. Wale watu wanakata tamaa pale pale, na hiyo ilikuwa kwa ahadi ya reale 100 kwa atakayeleta kichwa chake.

Anayejua mkoma anajua si kama mnazi, shina lake linagawanyika, moja linakuwa mbili, mbili zinakuwa nne, na hiyo ni zawadi kwa mfumaji. Shali inaanza shingoni na stichi chache, unashuka inapanuka, na katikati unaweka mstari wa stichi mbili za pleni juu ya ardhi ya pali, huo ndio shina. Ukitaka ligawanyike unaongeza stichi moja ya pali katikati ya zile mbili, safu mbili mbele nyingine, na kila tawi unalirudishia unene wake, unaendelea. Mti unakua kichwa chini, ukivaa mizizi iko shingoni na majani yako mgongoni na mabegani, mie napenda hivo. Makoma ni vifundo, unafuma stichi tano ndani ya stichi moja, unageuza unazipiga, unageuza tena unazikusanya kuwa moja, kinatokea kijungu kidogo, uzi wa rangi ya hudhurungi. Vingine viko kwenye matawi. Vingine nimeviweka ukingoni kabisa, chini, vimeshaanguka. Na kutoka upande mmoja mpaka kwenye tawi la juu kuna msururu wa vitundu umelala mshazari, uzi juu, mbili pamoja, uzi juu, mbili pamoja, huo ni mshale umepita. Vitundu nimevitoa kwa kofia za vito za Lamu, zile zinazoshonwa kwa vitundu vidogo, manake ukikaa na mtu anayeshona kofia unaelewa kwamba tundu pia ni urembo, si mahali uzi umekosekana.

Kwa watu wa Mombasa, Lamu, Dar na kwingine ambako sufu huwezi hata kuitazama mwezi wa pili: shali hii fanyeni kwa pamba. Inaanguka vizuri mwilini na vitundu vinaonekana hata zaidi. Pamba haina mvuto wa sufu, haijirudi ukiivuta, kwa hivyo ile skafu ya minyororo kwa pamba itakuwa nzito na ule mtanuko utakuwa mdogo, lakini shali ni kama iliumbiwa pamba.

Mkoba sitausemea sana japo watoto wanaupenda kuliko vyote. Liyongo alikuja mjini akafungua mkoba wake, akatoa kinu na mchi wake, na mawe ya kusagia, na vyungu, na sahani, na mafiga, vyote alikuwa anatembea navyo begani. Basi begi liwe na nguvu. Nafuma kwa nyuzi mbili za sufu pamoja, sindano nene namba 8, pleni tupu ya kuzunguka, kubwa kupita kiasi, linatoka limelegea kama gunia la kutisha, alafu nalifua kwa maji moto na sabuni na kulisugua mpaka linasinyaa na nyuzi zinashikana, huoni tena stichi. Linasinyaa zaidi kwa urefu kuliko kwa upana kwa hivyo lifume refu. Akriliki haifanyi hivyo hata ukiichemsha, lazima iwe sufu halisi, na isiwe ile iliyotiwa dawa ya kufuliwa kwa mashine. Ndani natia kitambaa cha leso na mkanda naushonea leso pia, manake mkanda wa kufuma peke yake ukibeba uzito unanyooka mpaka magotini. Langu linabeba nazi na mbuzi ya kukunia bila shida, kinu bado.

Sasa sindano.

Hii nilikaa nayo muda mrefu kabla ya kugusa uzi. Mfalme ameshindwa kila njia, anamtumia mtoto wa Liyongo mwenyewe, anamuahidi kumuoza binti yake na cheo juu, amuulize babake ni kitu gani kinamdhuru. Na Liyongo anajua. Anajua kabisa kwa nini anaulizwa na bado anamjibu mtoto wake ukweli, sindano ya shaba, kitovuni. Mtoto anarudi Pate anapewa sindano, anamchoma babake amelala. Liyongo anaamka na upinde wake anatoka mpaka kisimani nje ya mji, anapiga goti, anaweka mshale kwenye upinde, na anakufa hivo hivo akiwa amelenga. Mji mzima unakosa maji kwa sababu hakuna anayethubutu kusogea. Wanamwita mamake akamtulize, na mama anamsihi mtu ambaye ameshakufa, anadhani amekasirika tu. Mpaka siku zinapita, anaanguka, ndipo wanaiona ile sindano.

Mimi nimeshika sindano kila siku ya maisha yangu ya utu uzima. Sikutaka kuifuma silaha.

Nilichofanya ni sweta la rangi ya kijani iliyoiva, la pleni kabisa, kazi ya mkono mmoja kutoka shingoni kushuka bila mshono wowote, halina kebo, halina vitundu, halina rangi ya pili, ukilitazama unasema hili ni sweta tu, gumu, zito, kama ngao. Na pale kitovuni kuna kifungo kimoja cha shaba. Hakifungi kitu. Kupata mahali pake lazima mwenyewe alivae asimame wima, uweke alama, manake sweta la sufu likivaliwa linashuka na ukipima likiwa mezani kifungo kitaishia chini ya mkanda wa suruali. Na usikishone moja kwa moja, shaba ikikutana na jasho na maji inatoa kijani inachafua uzi, weka kijitundu na kishikizo kwa nyuma ukivue kabla ya kufua.

Nimemfumia kakangu ambaye ana watoto wa kiume. Nilimwambia ni kwa nini kifungo kiko pale, akanyamaza kidogo akasema basi atakivaa mbele yao. Sikumuuliza zaidi. Mimi kwenye hadithi hii sijawahi kuona kwamba Liyongo alikuwa mjinga kumwambia mtoto, nyanya yangu pia hakuisimulia hivyo, alikuwa akifika hapo sauti yake inabadilika, alimheshimu Liyongo zaidi kwa hilo kuliko kwa kukata minyororo. Mtu haishi na mtoto wake akimficha kitovu chake. Kifungo cha shaba kiko nje, kinang'aa, anayetaka kukiona akione.

Kilichobaki ni Saada, na yeye ndiye ananinyima usingizi siku hizi. Kila mtu kwenye hadithi ana kitu chake, Liyongo upinde, mama mkate, mtoto sindano. Saada ndiye aliyebeba kila kitu, chakula, wimbo, mkate wenye tupa, alienda na kurudi mbele ya wanaume wenye silaha, wimbo asioruhusiwa kuusahau hata neno, lakini kitu chake mwenyewe hatuachiwi. Nimewaza kitambaa cha kufunikia sinia, cha kroshia, pamba nyeupe nyembamba, kile ambacho kila nyumba ya pwani kilikuwepo na bibi yako alikipiga wanga kikasimama, na ukingoni badala ya maua niweke mizani ya wimbo wake, kitundu kwa silabi moja, nguzo kwa nyingine, kituo kila mwisho wa mstari, ili mtu akihesabu ukingo kwa vidole aweze kuuimba. Ukingo wa duara unaleta shida manake mistari lazima ikutane mwisho na mwanzo bila kubaki stichi, na hesabu bado hazijakaa, nafikiria kufanya mraba badala yake, kila upande ubeti. Kuna yeyote amewahi kupiga ukingo wa kroshia kwa kuhesabu shairi? Niambie ulianzia kona au katikati ya upande, na kona uliihesabu kama silabi au uliiacha nje ya mizani, manake hapo ndipo nimesimama na uzi niko nao mkononi.